Kwa Nini Phares Haji

Kaloleni, Nairobi
18 Januari 1998

Kwa kaka yangu mpendwa Lusweti,

Pokea salamu zangu wewe na wifi Truphena, watoto, na yeyote atakayekuwa ameketi hapo kwenu barua hii ikifika. Naomba iwe imekukuta umeamka vizuri, kifua kimeacha kukusumbua, na ule mto haujarudi tena kwenye mahindi. Ukitaka kujua yetu, sisi tunapumua. Sitaki kukudanganya mapema hivi, kwa hivyo sitasema tuko wazima. Nekesa ametoka kwenye malaria juzi, mdogo wake ana upele wa unyevu mwili mzima, na mimi ni yule yule unayemjua, miguu mifupi na mdomo mrefu. Phares anaenda kazini na anarudi. Hayo ndiyo yake.

Nyongesa wetu alifika hapa Jumapili iliyopita akitoka kanisani, bado na tai shingoni, akanipa ujumbe wako. Alisema ukumbusho wa mama ni mwezi ujao. Alisema wazee wamekubaliana Phares akae mbele, avishwe blanketi watu wote wakiona, kwa sababu yeye ndiye aliyemtoa mama chini ya mabati yaliyoanguka. Na alisema kwamba Phares akikataa kuja, kama alivyoondoka siku ya mazishi kabla ya kuonja chakula chenu, basi na mimi nisikanyage Chwele tena. Nichague mume mwenye kiburi au boma la baba yangu. Maskini Nyongesa aliyasema hayo yote akiangalia viatu vyake. Nilimpa chai, akainywa ikiwa moto, akaondoka.

Kaka, kiburi? Phares? Mtu anayepanga foleni bombani na akina mama, na akisukumwa anasema pole? Nilikasirika hadi nikachoma ugali. Lakini sikukaa chini niandike ili nikugombeze, ingawa ningependa. Nimekaa kukueleza kwa nini Phares haji. Naomba usome ukiwa peke yako. Kama kuna mtu karibu, mtume mahali.

Nianzie Oktoba, ulipotuletea mama atibiwe mtoto wa jicho. Unakumbuka nilikuandikia nikiuliza atalala wapi, nawe ukanijibu kwamba watu wa Nairobi hawakosi mahali. Lo! Ulicheka, lakini mimi sikucheka. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni, hawashikani mkono, hawalali chini ya paa moja. Huko nyumbani ni rahisi, maana boma lina nafasi na kuna migomba ya kujificha. Njoo ufanye hivyo Kaloleni, kwenye vyumba viwili na jiko, na choo kimoja mnachotumia pamoja na majirani! Siku ya kwanza mama alisimama nje na mzigo wake kichwani, akakataa hata kupanda kizingiti. Alilala kwa Beldina, yule jirani yangu Mjaluo anayeuza omena. Yeye hakuhitaji kuelezwa, hata kwao ni hivyo hivyo.

Phares akaanza kujenga. Wakati huo redio ilikuwa inaimba El Nino asubuhi na jioni, kwamba mvua inakuja ambayo hatujawahi kuona. Watu wa hapa wakaifanya mchezo. Chapati ikiwa kubwa inaitwa El Nino, mwanamke mnene akipita vijana wanasema El Nino hiyo. Phares hakucheka. Alileta nguzo za mwangati kutoka kwa mtu anayemjua pale soko la Burma, akazifukia chini hadi karibu na kiuno, nyuma ya jiko letu. Akapigilia mbao, akaweka mabati, akayafunga kwa waya mnene mpaka kwenye zile nguzo, halafu juu akapanga mawe. Akachimba mtaro wa kuzunguka. Alikuwa anatoka buchani akinuka damu na mafuta, na badala ya kuoga anashika nyundo. Beldina alimtania kwamba anajenga benki, na aseme mapema ni lini watu wataanza kuweka pesa.

Mimi nilimgombeza. Paa letu la vigae lina nyufa tangu zamani, watoto wanalala chini yake, na yeye yuko nyuma anapigilia kibanda. Alinijibu neno ambalo sikulifikiria sana siku hiyo. Alisema sisi tukivujiwa tutasogea kona nyingine, tutaitana, tutashikana mikono. Lakini kile cha mama kikianguka yeye hawezi kuingia kumtoa. Kwa hivyo ni lazima kisianguke kabisa.

Mama alihamia humo na akakipenda. Wallai sidanganyi, alikipenda. Alisema hakijawahi kuvuja hata tone. Maisha yetu yakawa kama mchezo wa kuigiza, maana Phares akitaka kupita kwenda bafuni anakohoa, mama anasikia, anajifunika leso na kugeukia ukuta mpaka apite. Kila Jumamosi Phares analeta matumbo au mifupa ya supu, ananipa mimi, mimi nampa mama, mama ananiambia mimi nimwambie baba Nekesa asante, nami nazunguka jiko nimwambie mtu ambaye amesikia kila kitu. Nilikuwa kama simu. Nilicheka sana mwezi huo, kaka. Sikujua kwamba nilikuwa nakula kicheko changu chote.

Jicho la kulia walilitibu mwanzo wa Novemba, wakalifunga pamba na plasta. La kushoto lilikuwa lisubiri. Kwa hivyo lililokuwa wazi ndilo lile bovu.

Ile mvua ya mawe ilikuja Alhamisi, mchana. Mimi nilikuwa Shauri Moyo kwenye cherehani yangu, nashona sare za shule. Mbingu ilibadilika rangi ikawa kama jeraha linalopona, kijani na manjano, na upepo ukaanza kubeba takataka juu. Tukasikia mlio kutoka upande wa Industrial Area, kama lori linalomwaga kokoto, halafu lori hilo likafika juu yetu. Kaka, mawe mengine yalikuwa kama vitunguu. Watu wa Burma walijificha chini ya meza za nyama. Sisi tulibanana kwenye veranda, wanaume wazima wakiita majina ya mama zao. Nilijaribu kutoka mara moja, jiwe likanipiga begani, nikarudi nikilia. Nilikuwa nafikiria mama tu. Watoto walikuwa shuleni, kwenye jengo la mawe, hao sikuwahofia.

Nilipofika nyumbani ilikuwa imegeuka mvua ya kawaida. Vigae vyetu vilikuwa vimepasuka vyote upande wa chumba cha kulala, ukilala kitandani unaona mawingu. Unga ulikuwa umekuwa uji sakafuni. Sare nilizokuwa nimemaliza, za wateja, zilikuwa zimelowa matope. Vile vibanda vya nyuma vya majirani karibu vyote vilikuwa chini, na cha Patrobas kiliruka mpaka barabarani kikapasua kioo cha gari la watu. Nje kulikuwa kweupe, watoto wa jirani wanaokota mawe ya mvua na kuyatafuna kama peremende. Phares alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni. Kichwa kinatoka damu, mikono yote miwili imevimba kuanzia vidole hadi kwenye kiwiko, na kando yake kuna karai langu la kufulia limejaa mibonyeo. Nilimuuliza mama yuko wapi. Beldina ndiye aliyeniambia amepelekwa hospitali kwa pikapu ya mtu, nyonga imevunjika, na ana baridi sana.

Majirani walimwona Phares vile, wakajaza wenyewe yaliyobaki. Kabla jua halijatua Kaloleni nzima ilikuwa inasema yule Mluhya wa buchani alimtoa mama mkwe wake kwenye mabati akapigwa yeye na mawe. Ukimuuliza, anatikisa kichwa, wakasema ni unyenyekevu.

Ya hospitali unayajua, ulikuja ukakaa. Lakini kuna ambayo hukuyaona. Kila jioni Phares alikuja na supu kwenye chupa ya chai. Hakuingia wodini. Alisimama karibu na mlango mkubwa na watu wanaouza machungwa, ananikabidhi, anasubiri niirudishe chupa, tunaenda nyumbani. Mama naye aliniambia siku ya kwanza kwamba baba Nekesa asiletwe hapo. Nilidhani ni ule mwiko tu. Aliniuliza pia kama nimeanika lile gauni lake la maua. Nilimwambia ndiyo. Akaniuliza tena kesho yake, na kesho kutwa. Ilikuwa inanichosha, Mungu anisamehe, mtu anapumua kwa shida na yeye anauliza gauni.

Halafu ukaja wewe. Ulishuka basi ukaja moja kwa moja, na usiku ukalala kwa Nyongesa kule Komarock, kwa sababu nilikuambia kwetu hakuna hata kona kavu. Safari hiyo hukukanyaga Kaloleni. Mama alikushika mkono, akakueleza kwamba paa lilimwangukia, na mkwe wake akavunja mlango akamtoa, na asilaumiwe kwa kumgusa, kwa sababu palikuwa pa kufa. Ulilia. Ulitoka nje ukamtafuta Phares pale kwa wauza machungwa, ukampa mkono wako, ukamwambia kuanzia siku hiyo yeye si mkwe, ni mwana. Nilikuwa nyuma yako. Niliona uso wake ukifa, nikadhani ni uchovu. Baada ya hapo kifua cha mama kikajaa maji, na yaliyofuata ulikuwepo.

Tulivyorudi kutoka mazishi tulikuta mvua imeingia tena. Nikuambie nini kuhusu kutengeneza? Huku kila mtu anatafuta fundi wa vigae, na vigae vya namna ile vya zamani havipatikani. Tuliweka karatasi ya nailoni, upepo ukaichana. Phares akaziba kwa vipande vya mabati alivyookota, vikavuja kwenye maungio. Tulianika godoro kila jua likitoka, na kila tukilianika wingu linatokea. Sasa limeota ukungu mweusi, watoto wanalala juu yake wanaamka wanajikuna. Sare za wateja nilizifua zikabaki na madoa, nimezishona upya kwa kitambaa changu, na wengine hawakurudi kabisa. Mawe yalinyesha tena kabla ya Krismasi, kidogo tu, lakini Nekesa alijikojolea kanisani akiyasikia, msichana wa miaka kumi. Majirani wanasema mvua itaisha. Mimi nimeacha kusema. Nimechoka kufagia maji, kaka. Nafagia, nasimama, naangalia juu, nafagia.

Na Phares katika hayo yote ni kama mtu aliyetoka nyumbani akasahau kufunga mlango. Anaziba paa bila kusema. Beldina alijaribu kumtania, akaacha.

Sasa Jumapili, Nyongesa alipoondoka, nilimgeukia. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo mdomoni na mengine niliyoyaazima. Kwamba amenitenga na ndugu yangu. Kwamba watu wanataka kumheshimu na yeye anawatemea mate. Kwamba kama mama yangu alimnukia vibaya alipomgusa, aseme. Hilo la mwisho najuta. Alisimama akanishika mkono, na si kwa nguvu, akanitoa nje mpaka nyuma ya jiko. Akaniambia nisukume ile nguzo.

Kaka, kibanda cha mama hakikuanguka.

Kimesimama hadi leo ninapoandika. Mawe yako juu ya paa, waya uko mahali pake, ndani ni pakavu kuliko nyumba yangu mimi. Usiniulize kama sikuwa nimekiona. Nakiona kila asubuhi nikienda bafuni. Niliona siku ile ile kwamba kilichovunjika ni mlango peke yake, na niliona kitanda chake kikavu, blanketi limekunjwa. Nilijiambia labda bati lilifunguka na Phares akalirudisha. Mtu akiogopa kuuliza hakosi la kujiambia.

Sasa sikiliza alivyoniambia Phares, nami nakuandikia kama alivyosema bila kuongeza chumvi.

Alikuwa ametoka kazini mapema alipoona rangi ya mbingu, aje aangalie ule waya. Mawe yalimkuta jikoni. Mama alikuwa ndani ya kibanda chake, mlango umefungwa. Phares alimwita kwa sauti kubwa kupitia ukutani, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akamuuliza kama ni salama, lakini kwa kelele ile hakusikia jibu, na pengine mama hakusikia swali. Ndipo kibanda cha Patrobas kikang'oka. Kabla hakijaenda barabarani kiligonga kile cha mama, kwa kishindo ambacho Phares anasema alikisikia kwenye meno. Kutoka pale jikoni aliona mabati yakikunjana na kupaa, akaamini ni ya mama. Alikimbia kwenye mawe akaupiga mlango teke.

Mama alikuwa salama, kaka. Alikuwa amelowa alipokimbia kutoa nguo kwenye kamba, kwa hivyo alikuwa amevua lile gauni la maua ajikaushe. Alikuwa amesimama katikati ya kibanda, hana kitu mwilini ila chupi na ile plasta jichoni. Na mkwe wake yuko mlangoni.

Phares anasema alifunga macho papo hapo. Lakini alikuwa amesimama kwenye mlango, na mlango ni mmoja, na alivyofunga macho hakupisha njia. Mama alipita ubavuni mwake akatoka nje. Mama yetu, Lusweti. Alitoka kwenye pahali pakavu akaingia kwenye mawe, nusu kipofu, kwa sababu aliona bora mawe kuliko kusimama pale akitazamwa na mume wa binti yake. Alikuwa anakimbilia mlango wa Beldina. Aliteleza kwenye karo ya saruji tunayofulia, nyonga ikavunjika, akalala hapo hapo kwenye maji ya barafu.

Hapa ndipo Phares alipokaa chini kwenye matope kunieleza, na mimi nikakaa.

Alimwendea. Aliinama amwinue. Mama akanyoosha mkono kumzuia, akageuza uso kwenye saruji, akasema kwa lugha ya kwetu kwamba asimguse, amwonee huruma, asimguse. Na Phares hakumgusa. Ndiyo hiyo, kaka. Angeweza kumbeba, wewe umemwona, anabeba nusu ng'ombe begani. Nyumba yetu iko hatua chache. Hakumgusa. Alivua shati akamfunika bila kidole kugusa ngozi, akachukua karai akalishika juu ya kichwa cha mama na kifua chake, akasimama hivyo akipigwa yeye, akimwita Beldina kwa sauti yote aliyo nayo. Beldina hakusikia. Nani angesikia? Mpaka mawe yalipopungua ndipo alipotoka akamkuta amesimama na karai, uso amegeuzia ukuta, na mama chini kwenye maji amegeuka rangi. Beldina ndiye aliyemwinua, yeye na mwanamke mwingine.

Madaktari walisema ni ile baridi iliyoingia kifuani. Nyonga peke yake haingemuua.

Phares aliniambia kwamba ule mwiko aliuvunja mahali ambapo haukuwa na haja ya kuvunjwa, akaushika mahali ambapo alipaswa kuutupa. Alisema kama angekuwa ameiamini kazi ya mikono yake mwenyewe, angekaa jikoni, na mama angekuwa Chwele leo na macho mawili. Nilimfuta matope mikononi kwa leso yangu. Mimi, mdomo mrefu!

Nilimuuliza Beldina. Alilia, akasema aliapa moyoni hatasema mpaka mimi niulize.

Sasa unajua kwa nini mama alikudanganya. Kama kibanda kilianguka, mkwe aliingia kwa lazima na hakuna wa kumnyooshea kidole. Kama kilisimama, basi mwanamume alimkuta mama wa mke wake uchi, na huko kwetu watu watalisimulia hilo kwenye pombe mpaka wajukuu zangu wazeeke. Alikuwa anamkinga Phares, na alikuwa anajikinga yeye mwenyewe. Gauni alilokuwa akiniuliza, sasa naelewa, alitaka kujua nimelikuta wapi. Nililikuta ndani ya kibanda kwenye msumari, na nilimwambia hivyo bila kujua ninachosema. Siku hiyo ndipo alipoacha kuuliza.

Ndiyo sababu Phares aliondoka siku ya mazishi. Ulisimama kaburini ukawaambia watu jinsi alivyombeba mama mikononi, wakapiga makofi, na chakula kikaletwa. Anasema kila tonge lingekuwa ni malipo. Hilo blanketi mnalotaka kumvika hawezi kulivaa, kaka, na hawezi kulikataa mbele ya watu bila kusema kwa nini. Akisema, amemvua mama nguo mara ya pili.

Mimi nimelipindua jambo hili usiku na mchana sijaona pa kulishika. Nikinyamaza, wewe unabaki kumchukia mtu bure, na mimi sina kwetu. Nikisema, namfanya mama mwongo na yuko chini hata miezi miwili haijaisha. Nimesema, kwa sababu siwezi kubeba peke yangu. Usidhani nimekuletea suluhisho. Ukiwaambia wazee ukweli, utamwaibisha mama kwenye ukumbusho wake mwenyewe. Ukiwaficha, itabidi usimame tena mbele ya watu useme Phares ana kiburi, au useme alimbeba, na sasa utakuwa ukijua unachosema. Mimi hapo ndipo ninapoishi. Karibu, kaka, tukae wawili.

Sikuombi umsamehe Phares, hajaomba. Sikuombi mlete blanketi wala msilete. Nitakuja mwenyewe na watoto kwa basi la Ijumaa kabla ya ukumbusho, tufagie kaburi na tupike kama watoto wa kike wanavyopikia mama yao. Kama umeona ni afadhali nisije, usimtume tena Nyongesa wa watu kuangalia viatu. Usitume mtu. Nikifika Chwele nikute lango limefungwa, nitaelewa, nitageuza watoto, na sitakuchukia.

Msalimie wifi Truphena, na umwambie mbegu za mboga ya saga alizonipa zilioza zote kwa maji, lakini asante. Watoto wanawasalimu wenzao. Beldina pia anatoa pole yake. Phares hajui kwamba nimekuandikia. Amepanda juu ya paa tangu asubuhi, na huku upande wa Industrial Area naona kunaanza kuwa kweusi.

Ni mimi dada yako,
Mourine Nabiswa